Incoronata Pietrafesa na Mizabibu ya Ripacandida

Ndugu na majirani, mpendwa wetu Incoronata Pietrafesa, ambaye historia yake imeandikwa na mumewe na inasomwa na binti yake Teodora, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 hapa Ripacandida, mtoto wa tatu wa hayati Vito na hayati Filomena, akasoma shule ya msingi hapa hapa na sekondari Rionero, akahitimu mwaka 1977.

Mwaka 1978 aliajiriwa posta, na tarehe 26 Septemba 1981 akafunga ndoa katika kanisa hili na Canio Labriola, mhadhiri wa kilimo, wakajaliwa Teodora na Gerardo.

Baba yake alipofariki Novemba 1991, katikati ya mavuno, aliacha posta ili ekari sita za mizabibu zisiuzwe, na tangu 1996 akazilima kwa kilimo hai, kwa samadi na shaba kidogo ya kuzuia ubwiri, ule ukungu unaokausha majani na mashada, akisema kwamba ule udongo mweusi wa majivu ya volkano ndio unaoupa mvinyo wetu mwekundu ukali wake, na kwamba mtu asiyeweza kuusubiri miaka mitano anywe maji.

Juni 2023, akiwa amelazwa Potenza kwa upasuaji wa saratani ya utumbo, mvua ilinyesha siku kumi na tisa, ubwiri ukaingia shambani, na mumewe, akiogopa mkewe asije akakuta mashada yamekauka, akanyunyizia shamba zima dawa ya kiwandani, mara moja tu. Incoronata aliporudi aliona majani yanang'aa, hayana hata doa la buluu la shaba, akamwambia, "Profesa wangu, mgonjwa ni mimi, mbona dawa umeipa mizabibu?"

Jirani yetu Rocco Telesca alimsihi, "Nyamaza, dada, nani atajua?" naye akamjibu, "Mimi najua, wewe sasa unajua, na mkeo atajua kabla tambi hazijaiva." Jumatatu tarehe 3 Julai yeye mwenyewe aliwapigia simu wakaguzi wa kilimo hai, ambacho kinakataza dawa hiyo, shamba likavuliwa alama yake ya kilimo hai kwa miaka mitatu, na mumewe hakulaumiwa tena, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko lawama.

Julai mwaka huu ubwiri ulirudi, yeye akiwa kitandani, akauliza, "Canio, umenyunyizia nini?"

"Shaba tu, mke wangu. Tumepoteza nusu."

"Basi hiyo nusu nyingine ni yetu."

Alifariki nyumbani tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, miezi minane kabla shamba halijarudishiwa alama yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Potenza, wenzake wa posta, na majirani walioleta supu kila siku bila kuombwa. Shamba haliuzwi. Mavuno yataanza Jumatatu, tarehe 27, na atakayekuja aje na mkasi wake.

Incoronata, umechoka, pumzika kwa amani.