Alipikia Taifa

Kiti cha mbele yangu basini, mama mmoja alikuwa amepakata jiwe la kaburi kama mtoto mchanga. Mzee wa fimbo aliyeketi naye alinyoosha shingo, akalisoma jina, akashtuka. "Koplo! Huyu tulikuwa naye kikosi kimoja. Pole sana, mwanangu."

"Ahsante, mzee. Ni baba yangu, tumemzika mwezi uliopita. Hili nalirudisha kwa fundi. Nilimwambia achonge 'Alipigania taifa', yeye kachonga 'Alipikia taifa'."

"Usijisumbue. Fundi hajakosea."

Nilikuwa nasoma gazeti. Kuanzia hapo nilikuwa nimelishika tu.

"Mzee, baba alipigwa risasi mguuni! Watoto wa shule waliletwa nyumbani kuliona lile kovu!"

"Ni sufuria ya maharage iliyommwagikia. Upande wa pili wa sufuria niliushika mimi, na mimi ndiye niliyeteleza."

Mama alimtazama kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo. Mzee hakujali. "Ila nisikilize. Risasi zikianza kulia, sisi wapiganaji tulilala kifudifudi, midomo imejaa mchanga. Baba yako alibaki wima, anakoroga, eti maharage yasiungue."

Mama akapitisha kidole juu ya herufi, polepole. Basi likafunga breki mbele ya karakana ya fundi, kondakta akauliza nani anashuka. Mama akainuka na jiwe lake, akasita.

"Na kweli hayakuungua?"

"Yaliungua kila siku, mwanangu. Nishani tulistahili sisi tuliokula."