Zipora Amebeba

Kijiwe chetu cha Buseresere kipo mbele ya karasha la Baba Zipora, pale magari ya Biharamulo yanapopunguza mwendo. Karasha likisaga mawe ya dhahabu hatusikiani, kwa hiyo tumezoea kupayuka, na likizimwa tunaendelea kupayuka vilevile. Akida ndiye mwenye birika la kahawa na sinia la kashata. Anasema babu yake alitoka Tanga, ndiyo maana tangawizi yake inakohoza watu. Duara ni mchimbaji, jina kalipata kwa kukaa duarani, yaani shimoni, zaidi kuliko nyumbani. Profesa hakumaliza la saba. Cheo tulimpa sisi wenyewe baada ya kuchoka kubishana naye. Jumatano hiyo Baba Zipora alizima karasha mapema, akaja benchini na begi begani na simu mkononi. Binti yake Zipora, mtu wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo, alikuwa na siku tisa tu hosteli ya mwaka wa kwanza kule Mwanza, na alikuwa ametuma meseji.

— Isome tena, alisema Akida. Polepole.

Baba Zipora akasoma, simu kaiweka mbali na macho:

— "Shikamoo baba. Hosteli nimepata, dabodeka, kitanda cha juu. Usishtuke, nimebeba. Tunalala wawili ila tunaelewana. Mama usimwambie kwanza."

Kijiwe kizima kikaweka vikombe chini.

BABA ZIPORA: Mtu akikwambia usishtuke, si ndiyo unaanza kushtuka?

DUARA: Mbona rahisi hiyo. Kabeba viroba! Kule mgodini mgeni anaanza kwa kubeba viroba vya mawe mpaka azoee. Chuo nacho hivyohivyo. Mwaka wa kwanza wanabeba, wa pili wanasaga, wa tatu wanachenjua. Digrii ndiyo dhahabu yenyewe.

AKIDA: Na huyo anayelala naye ni kiroba?

DUARA: Kiroba chenye mali unalala nacho, Akida. Mimi nimelala nacho wiki mbili. Na tulielewana.

AKIDA: Mimi sitaki kusema.

BABA ZIPORA: Basi usiseme.

AKIDA: Ila nitasema. Mwanamke akisema amebeba, amebeba. Hapo mjukuu, Baba Zipora. Hongera.

BABA ZIPORA: Yaya! Hapana! Siku tisa, Akida!

AKIDA: Ndiyo maana kasema amebeba, hajasema amejifungua.

PROFESA: Na wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Leo mmoja, kesho mapacha.

Nilimtazama Baba Zipora nikamhurumia. Huyu ndiye aliyezunguka soko lote kutafuta ndoo yenye mfuniko kwa sababu fomu ya chuo ilisema ndoo yenye mfuniko. Sasa alikuwa anapangusa jasho kwa risiti ya mafuta ya karasha.

PROFESA: Ila Akida kakosea. Hiyo si mimba. Hilo ni jini.

DUARA: Limeanza.

PROFESA: Jini la kisomo! Linabebwa na wanafunzi. Linakaa upande mmoja wa kitanda, wewe unakoroma, lenyewe linasoma. Asubuhi unaamka na kitabu kizima kichwani. Sikiliza meseji: "ila tunaelewana." Binadamu gani anaandika hivyo? Hiyo ni lugha ya mkataba! Na kitanda cha juu, mnajua kwa nini? Jini halilali chini, lina kizunguzungu.

AKIDA: Halina kizunguzungu juu, lina kizunguzungu chini?

PROFESA: Ndiyo tofauti yetu na yao.

Tulicheka sote isipokuwa Baba Zipora. Alisimama, akaliweka begi sawa.

BABA ZIPORA: Iwe mimba, iwe jini, mimi naenda kumchukua. Basi la Mwanza la saa nane hili hapa linakuja. Anarudi nyumbani. Chuo kimekwisha.

— Mpigie kwanza, nilimwambia.

BABA ZIPORA: Naogopa, gete, kweli kabisa. Nikipiga akaniambia ni kweli, nitasimamaje?

PROFESA: Mwache aende. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, kwa hiyo awahi basi.

Hapo ndipo alipofika Violeth, binti wa fundi cherehani, aliyetaka kashata za kwenda nazo chuoni. Yupo chuo hichohicho, mwaka wa pili, wao wanafungua wiki ijayo. Akatupa shikamoo moja ya kututosha wote, akaona begi, akauliza kuna msiba gani. Baba Zipora akampa simu. Violeth alisoma, akaanza kucheka mpaka akashika nguzo.

VIOLETH: Jamani wazee wangu! Kubeba ni kumlaza mwenzako. Vitanda havitoshi, wengine wanakosa chumba. Aliyepata anambeba aliyekosa, wanalala kitanda kimoja, mzungu wa nne, huyu kichwa huku, yule kichwa kule. Zipora kambeba msichana mwenzake. Mimi mwaka jana nilibebwa muhula mzima.

BABA ZIPORA: Na mama yake asiambiwe kwa nini?

VIOLETH: Si alimtarizia mashuka? Alimwapisha mbele yangu mtu asiyakalie.

Duara alirusha kofia juu. Akida alimimina kahawa ya bure, jambo ambalo sijaliona tangu uchaguzi. Basi la saa nane likapita, konda akapiga kelele "Mwanza, Mwanza!", na Baba Zipora akampungia mkono kama anayemuaga ndugu. Nyumbani kwake watoto wanne wa kike wanagombania vitanda viwili. Zipora kapata cha kwake kwa mara ya kwanza maishani, hata wiki mbili hazijaisha kagawa nusu. Nilifurahi utadhani ni wangu.

VIOLETH: Ila dabodeka ya juu haina kingo. Huyo aliyebebwa analala wapi, ukutani au pembeni?

Tulikuwa na majibu ya mimba, ya viroba na ya majini. Kwa hilo tukamgeukia Baba Zipora.

Baba Zipora akakunja uso upya.

BABA ZIPORA: Mungu wangu. Zipora anapiga mateke. Dada zake waulizeni.

Safari hii hakuogopa. Akapiga, akaweka spika.

— Shikamoo baba.

— Marahaba. Mwenzako analala upande gani?

— Baba... hujakasirika?

— Nimeuliza upande.

— Pembeni.

— Mhamishe leo. Mgeni analala ukutani.

— Na mimi nikidondoka?

— Wewe ukidondoka nitakuja kukuokota. Huyo ni mtoto wa watu.