Elfu Mbili za Afisa Lishe, Mia Nane za Benchi

Benchi la Adolf muuza kahawa liko Ujiji, pale njia inapoanza kushuka kwenda mwaloni, ufukweni zinakofikia boti za wavuvi, na aliyelichonga ni Gaudensi, fundi wa boti za mbao, enzi hizo akiwa bado anaweza kuchuchumaa bila kushika kitu. Watu wake ni walewale kila asubuhi. Yupo Mwinshehe, anayeitwa Mahakama kwa sababu aliwahi kuitwa kutoa ushahidi wa mbuzi aliyepotea, na tangu siku hiyo kila anachosema ni hukumu. Yupo Clinton wa bodaboda, jina lake la kijiweni Bando, maana elimu yake yote hukatika kifurushi cha simu kikiisha. Na yupo Gaudensi mwenyewe, mtu wa kilo mia na kumi na nane. Asubuhi hiyo alikuja amefura, plasta kwenye paji la uso, akakaa bila kusalimia mtu.

— Kaka Gaude, umegombana na nani tena? Adolf aliuliza huku akimmiminia kahawa.

— Nimegombana na ninyi! Jana nimeanguka chini ya boti ya watu. Kizunguzungu. Nyundo huku, mimi kule, uso kwenye mbao. Na giza linaingia Jumatano!

Hilo la giza ndilo lililomtia wazimu. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, boti hupandishwa mchangani na mafundi huzishughulikia. Boti aliyoangukia Gaudensi ilikuwa ya Rozalia wa Mwamgongo, na nyufa zake za chini zilikuwa hazijazibwa hata nusu. Kuziziba lazima mtu aingie uvunguni achuchumae, na magoti ya Gaudensi yalishagoma tangu Pasaka. Daktari alimwambia magoti hayana neno, tatizo ni mzigo yanaoubeba. Asipoupunguza, ufundi wa boti auage. Akampeleka kwa afisa lishe, dada mmoja wa Kilimanjaro aitwaye Elinipa, naye akamwandikia: kalori elfu mbili kwa siku, uzito upungue nusu kilo kwa wiki. Karatasi hiyo Gaudensi akaileta kijiweni ikasomwe. Mtu mzima, akaileta kijiweni!

— Sisi kosa letu nini? Mahakama alihamaki. Tulikupunguzia tu. Nusu kilo kwa wiki! Nusu kilo ya nyama haishibishi watu watatu, halafu mtu akuambie huko ndiko kupungua? Haba na haba hujaza kibaba. Sasa wewe ulitaka kujaza au kumwaga?

— Mlisema mawese hayahesabiwi!

— Na hayahesabiwi! Yale yanatoka kwenye michikichi ya baba mkwe wako, hukuyanunua. Kalori ni kitu cha dukani. Wewe umewahi kuona mchikichi umeandikwa kalori?

— Mimi nilicheki kabisa, Bando akadakia. Soda imeandikwa. Biskuti zimeandikwa. Samaki mgebuka hajaandikwa popote, si mkiani, si kichwani. Maana yake hana. Mambo mengine ni kutumia akili tu, mzee wangu.

Ndivyo ilivyokuwa. Wiki mbili nzima Winfrida, mke wa Gaudensi, alimpimia mumewe unga wa muhogo kwa kikombe na dagaa kwa kijiko, hakuzidisha hata punje. Halafu akageukia chungu cha sombe akamimina mawese mpaka majani ya muhogo yakaogelea, kwa kuwa hukumu ilishatoka. Mizani haikusogea. Mwenye akili timamu angerudi kwa Elinipa akamuuliza kulikoni. Gaudensi alirudi kwenye benchi, na benchi likakasirika kwa niaba yake. Zile elfu mbili zikakatwa zikawa elfu moja na mia mbili, na siku tatu baadaye zikawa mia nane. Safari hii hata mawese yaliondolewa, si kwa hesabu bali kwa hasira. Alikuwa na siku tisa sasa anakula tonge nne na maji.

— Kilo tano si zimetoka? Mahakama alisema. Au tumekudanganya?

— Zimetoka na fahamu zangu!

— Basi shida si mia nane, shida ni saa. Kalori za asubuhi ni nyepesi, zinapanda juu. Za usiku zina uzito, zinashuka magotini. Ndiyo maana wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu! Hawakusema mkono. Walijua habari za magoti wale.

— Mimi naona ni ziwa, alisema Bando. Ukiishi karibu na maji mwili unavuta unyevu. Zilizobaki hapo siyo nyama, Mzee Gaude, ni ukungu. Kakae Kasulu kule milimani wiki moja tu, utakauka kama dagaa wa kwenye chanja.

— Nimezaliwa hapa! Babu yangu kazaliwa hapa, alikuwa mwembamba kama kasia!

— Babu yako hakuwa na feni, Adolf akachangia, na hakuna aliyemwelewa.

Mahakama aliweka kikombe chini, dalili kwamba sasa anatoa ile kubwa.

— Tusizungukane. Mwenye makosa ni yule dada. Katoka kwenye ndizi yule. Kwao Kilimanjaro wamekulia ndizi, na kalori alizokupimia ni za ndizi. Umevuka mkoa, lazima ubadilishe, kama unavyobadilisha faranga ya Burundi. Elfu mbili za ndizi ukizigeuza kuwa za muhogo zinabaki mia nane kamili. Hesabu hiyo nimeipiga mwenyewe.

— Umeipigia wapi?

— Kichwani!

Kilichomchoma Gaudensi ni kwamba maneno hayo hayakuwa mapya. Aliyasikia wiki iliyopita, kwenye benchi hilihilo, akaitikia kwa kichwa na kusema hapo Mahakama umesema. Aliyaona yana maana. Aliyaona yana maana kuliko ya mtu aliyesomea.

— Ninyi hamna haya, alisema, sauti ikipanda. Mmekaa hapa mmeshiba, mnanikatia mimi chakula! Wewe Mahakama jana umekula nini?

— Mimi sina karatasi ya daktari. Usihamishe kesi. Ukitaka cha uvunguni sharti uiname, basi.

— Niliinama! Ndipo nilipoanguka!

Katika kelele hizo Rozalia akawa amefika. Alikuwa ameshuka kwenye boti ya abiria asubuhi ile ile, mwanamke wa miaka arobaini hivi, kikapu mkononi, vumbi la njia bado miguuni.

— Mwakeye, alisalimia kwa Kiha. Shikamoo, Mzee Gaudensi.

— Marahaba, mama. Boti yako naijua, usiniulize.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mahakama akadandia. Mama, wewe huna upande, tuamulie kesi hii.

Wakamweleza wote kwa pamoja: elfu mbili, mia nane, ndizi, unyevu, guu. Rozalia aliwasikiliza akiwa amesimama. Walipoishiwa pumzi akamgeukia fundi wake.

— Sasa hiyo mia nane, mzee, utaila mpaka lini?

— Mpaka zitoke kilo ishirini.

— Zikishatoka?

— Zikishatoka narudi kwenye chakula changu.

— Kile kilichokuletea hizo ishirini?

Mahakama aliokota kikombe chake alichokiweka chini. Bando alitazama simu yake kama mtu anayengoja kupigiwa. Adolf aliinamisha birika kwenye kikombe cha mgeni, likatoka tope la mwisho wa kahawa.

— Wewe umekuja kufuata boti au kumhoji mtu? Gaudensi alifoka.

— Nimekuja kufuata boti. Lakini naona fundi anajimwagia kahawa.

Kweli. Kikombe kilikuwa kinamwagika kwenye suruali na hakuwa na habari. Akakiweka chini, akaificha mikono kati ya magoti. Alikuwa amekuja na hasira ya kuwagawia watu wote wa benchi hilo na akiba ya kumpelekea Elinipa, na sasa alitafuta pa kuiweka asipaone. Hakuna aliyemfunga kamba kumleta hapa. Alikuja kwa miguu yake mibovu, kwa sababu benchi halikuwahi kumpandisha kwenye mizani.

— Nina njaa, alisema.

Siku tisa alikuwa akimwambia Winfrida ameshiba. Hata usiku alipoamka tumbo likimnguruma alimwambia ni gesi.

— Nina njaa, mama. Njaa mpaka naona aibu kuisema.

Rozalia akatazama chini mwaloni ilikopandishwa boti yake, mbao zake za chini zikiwa wazi.

— Basi nenda nyumbani ukale, mzee, alisema. Ule kama mtu. Kesho urudi kwa huyo dada. Boti yangu itangoja giza lijalo.

Akachukua kikapu chake kuwahi boti ya kurudi Mwamgongo. Mwezi mzima wa uvuvi alikuwa ameuacha pale kwenye mchanga, na kati ya wanaume wote wanne hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi.