Ndege Ambazo Hazikuja

Kwenye Kosta ya Same kwenda Moshi, mbele yangu alikaa mama mmoja, askari mstaafu wa mizinga ya kutungulia ndege. Kijana wa pembeni yake, anayeandika historia ya kamandi ya ulinzi wa anga ya kanda, hakumwacha apumue. "Shikamoo mama. Mlitungua ngapi?"

"Marahaba. Hata moja. Hazikuja."

"Sasa niandike nini?"

"Andika tulikuwepo, ndiyo maana hazikuja."

"Labda zisingekuja hata kama msingekuwepo."

Mama alichungulia mawingu juu ya milima, ambako mimi sikuwa nimeona hata kunguru.

Kosta iliposimama kituo cha Kifaru, alishuka, akatazama juu kwanza, ndipo akatazama barabara.