Aliyewauliza Kome: Maisha ya Marehemu Sebastina Mariadasan

Mpendwa wetu Sebastina alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 hapa Mullathura, kitindamimba wa mzee Arulappan, mpiga mbizi wa kome, na mama Lurdammal, aliyewauza sokoni. Kaka yake Silvester ndiye aliyemfundisha kuogelea, kwa njia ya kumsukuma kutoka mwambani. "Hukufa, umeona?" alimwambia alipoibuka akilia.

Alisoma kwa masista hapa kijijini, kisha akaenda mji wa Kochi kusomea kemia na kuhitimu mwaka 1990. Mwaka uliofuata aliajiriwa na maabara ya maji ya serikali. Kome huchuja maji mchana kutwa, na sumu za viwandani hubaki mwilini mwake. Basi Sebastina aliwatundika baharini ndani ya vifuko vya wavu, akawaopoa baada ya wiki kadhaa, akawakausha, akawasaga na kuwapima. "Nawauliza kome," ndivyo alivyoieleza kazi yake.

Tarehe 18 Januari 1995 alifunga ndoa na Leons Mariadasan, fundi wa injini za boti. Wiki hiyo hiyo mama mkwe alikuta ndoo ya kome jikoni, akawapika kwa nazi na pilipili manga. "Mama, umekula mali ya serikali!" Sebastina alipiga kelele. "Ilikuwa tamu," mama akajibu.

Mwaka 2019 alikuta madini ya risasi kupita kiasi kwenye kome wa ghuba yetu wenyewe, yakitoka kiwanda cha betri. Uvunaji ukapigwa marufuku. Alikuja mwenyewe kutangaza nje ya kanisa baada ya misa.

"Umetufungia bahari, Seba!" Silvester alimfokea. "Wanangu wale vipimo vyako?"

"Wasile kome, kaka. Hilo tu."

Silvester hakumsemesha tena. Hata Krismasi, sahani za chakula walipelekeana kupitia watoto. Sebastina alilia sana, tuseme ukweli, lakini kila msimu alirudi na vifuko vyake. Mwaka 2021 bomba la kiwanda lilizibwa, na risasi ikaanza kupungua.

Mwaka 2023 figo zake zilishindwa. "Sasa kome ni mimi," alitania alipokuwa akisafishwa damu. Oktoba iliyopita hakuweza tena kupanda boti. Silvester alichukua kifuko mikononi mwa Leons, akaenda kukitundika yeye. Majibu yalipokuja, risasi ilikuwa imepanda kuliko miaka yote. Kijiji kizima kilinywea. Sebastina akamwita kaka yake kitandani.

"Kaka, kifuko ulikizamisha kwa kitu gani?"

"Kwa chubwi, vile vizito vya wavu wangu. Mkondo ulikuwa mkali, nikazijaza humo humo ndani kisisogee."

"Chubwi za nini?"

"Si za ris..."

Sebastina alicheka hadi Leons akakimbilia maji. "Silvester! Umewalaza kome na risasi kitanda kimoja, halafu kijiji kinaomboleza!"

"Mimi mvuvi bwana, nitajuaje?" akasema, naye akaanza kucheka. Miaka mitano ikaishia hapo.

Silvester alitundika kome wengine, safari hii kwa mawe. Ijumaa iliyopita majibu yakaja: ghuba ni safi. Mungu ashukuriwe! Jumamosi marufuku iliondolewa, na Silvester akapiga mbizi siku hiyo hiyo, akaja kuwapika kome mwenyewe. "Mwambieni asitie chumvi nyingi," Sebastina aliagiza. Alikunywa vijiko vitatu vya mchuzi, akasema vinatosha. Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025, bila maumivu.

Ameacha mume, Leons. Watoto, Dalia na Robin. Mjukuu mmoja, Anila. Na kaka yake Silvester, aliyepata miezi miwili tu ya kuzungumza naye tena. Anasema ilimtosha. Hasemi kweli, lakini tunashukuru kwamba aliipata.

Lala salama, Sebastina. Kesho asubuhi wanawake wa Mullathura wanarudi sokoni na kome.