Mkono wa Kulia wa Hezekiah Kipngeno

Keroka, 27 Juni 2025. Ni miaka kumi na saba tangu niondoke Kericho, na Jumatatu ijayo Hezekiah Kipngeno anastaafu baada ya miaka thelathini na sita kama tarishi wa chama chetu cha ushirika cha wakulima wa chai. Saa ya ukutani ameikataa. Zawadi anayoitaka, ameniambia kwa simu, ni mimi nirudi: niyasome maneno haya ya kumuaga kwa mdomo wangu, kisha nilime tena shamba langu lililopakana na lake.

Aliajiriwa mwaka 1989, akapewa baiskeli nyeusi na mfuko wa barua. Wenzake walipanda vyeo. Yeye alipanda baiskeli. Kila mwenyekiti aliyechaguliwa alimwahidi kofia ngumu ya kulinda kichwa. Mmoja hatimaye aliikabidhi, kukiwa na mahema, maombi na hotuba ndefu. Ilikuwa ya mtoto.

Hezekiah alifuata sheria katika mji ambao sheria ya barabara ni ushauri tu. Hakujibana ukingoni, kwenye mashimo na milango ya magari inayofunguliwa ghafla. Alishika nafasi yake barabarani, akamtazama dereva machoni kabla ya kuvuka, na kabla ya kukata kona alinyoosha mkono. Balaa ilianzia hapo. Kericho, mkono ulionyooka ni salamu. Soko zima liliitikia "Chamgei!", na madereva wa malori ya chai wakampungia kwa mikono yote miwili. Siku moja Chelangat, muuza mboga, aliudaka mkono huo katikati ya barabara, akaushikilia na kuuliza hali ya ng'ombe mmoja mmoja. Foleni ilifika stendi.

Clifford wa bodaboda alimkejeli kila asubuhi: "Mzee, hiyo ni baiskeli ama ni maandamano?"

"Wewe bita tu, kijana," Hezekiah alimjibu. "Mochari iko mbele."

Clifford amevunjika mguu mara mbili. Hezekiah hana hata kovu.

Hiyo "bita" haikuwa mzaha. Ulimi wake, kama wa wengi wa kwao, hautofautishi p na b. Januari 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi, aliendesha baiskeli akapenya vizuizi vya mawe hadi langoni kwetu, akapaza sauti kwa neno moja. Mke wangu Gesare alisikia "pakia". Tukapakia, tukaondoka. Hezekiah anaapa hadi leo kwamba alisema "bakia", kwamba angetulinda. Waliokuja jioni ile na petroli walikuwa na matamshi safi kabisa. Neno hilo bado linamuuma. Sisi lilituacha hai.

Asante, Hezekiah, kwa barua zote zilizofika, na kwa kufika wewe mwenyewe siku ambayo majirani wengine walifunga madirisha. Uzee wako uwe na maziwa ya mursik ya kutosha na malori machache. Nelvine wa jarida la chama atakusomea haya. Shamba langu lilime pamoja na lako, Gesare amekubali.

Mimi sitarudi.