Bunduki ya Kasha la Viatu

Kesho yake msimu wa kuwinda kulungu ungefunguliwa, na kwenye basi la kwenda Altoona Rosella alishindwa kusinzia kwa sababu ya wanaume wawili wa kiti cha mbele, waliokuwa hawajuani mpaka walipoanza kubishana kuhusu bunduki.

"Najiundia yangu," alijigamba mwenye kofia ya wawindaji ya rangi ya chungwa. "Nimeshaiona dukani ya kuanzia. Ya kukoki kwa mkono, komeo lake la kuingizia risasi linateleza laini hilo, acha tu!"

"Utabadilisha nini?" aliuliza mzee jirani yake.

"Mtutu, kitako, kifyatulio. Na komeo."

"Hilo hilo linaloteleza?"

"Kuna bora zaidi."

Rosella aliuma skafu asicheke.

"Kijana, yaani unanunua bunduki nzima ili uitupe?"

"Mzee, huelewi. Uzuri wake ni kwamba kila kipande kinabadilishika."

"Mke wangu naye alinichukua akidhani nabadilishika. Sasa hivi unawinda na bunduki gani?"

"Nilikuwa na ya marehemu baba. Niliifungua niijenge upya, kumbe haipokei vipande vya kisasa. Iko vipande vipande kwenye kasha la viatu."

"Ilikuwa na kasoro gani?"

Kijana alitazama dirishani. "Haikuwa na kasoro."

Rosella aliiachia skafu. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Basi kesho?"

"Kesho siendi. Bado sijaamua ninunue mtutu gani."

Basi lilisimama. Kando ya kituo kulungu watatu walikuwa wakitafuna vichaka vya kanisa. Walimtazama kijana akishuka na kofia yake, wakaendelea kula.